Mwalimu Aliyetufundisha Kuinama

Habari ya kifo cha Mwalimu Sospeteri niliipata kwa fundi viatu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake sokoni, mguu mmoja peku, nikingoja anishonee kiatu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuulizauliza, nikamwuliza kwao ni wapi. Akasema Nyahanga, kule Kahama. Nikamwuliza kama anamfahamu mwalimu mmoja wa zamani, Msumbwa, mrefu, anayependa mawe. Fundi akacheka.

"Mzee wa mawe? Tumemzika kabla ya mavuno, mama. Uani kwake kulikuwa na marundo. Watoto wake wamebishana siku tatu wayatupe au wayaache."

Akaendelea kugonga misumari. Mimi nilitazama chini, nikamlipa, nikaondoka, na nilifika mbali kabla sijakumbuka kwamba sijavaa kile kiatu.

Miaka yote nilikuwa nimejiahidi kwenda kumsalimia. Nauli haikuwa kubwa, na wala sikuwa mgonjwa. Kila mwaka nilipata kisingizio kizuri, na watu wakanielewa, kwa sababu visingizio vyangu huwa vimepangwa vizuri. Sababu ya kweli ilikuwa moja tu, na sijawahi kumwambia mtu. Naiandika sasa, kwa ajili yenu mliokaa kwenye madawati ya enzi ile na mnaojua jinsi mwalimu alivyokuwa mtu mkubwa machoni petu.

Nimekulia kwenye kambi ya mgodi mdogo wa almasi, upande wa Shinyanga. Jina lake silitaji. Shimo lenyewe lilishafukiwa, na wakubwa wake wamekufa. Baba yangu alikuwa mlinzi wa lango. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na shingoni alining'iniza filimbi. Nilimpenda sana. Alipokuwa na furaha aliniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama, na akiniita hivyo mbele ya watu nilijiona nimekua.

Kati ya kambi na shule yetu kulikuwa na barabara ya malori, kandokando ya ua wa seng'enge. Malori yalibeba kokoto kutoka shimoni kwenda kwenye mashine ya kuoshea, na njiani kokoto nyingine zilidondoka. Nani angejua ndani yake mna nini? Kwa hiyo kwenye barabara ile hakuna aliyeruhusiwa kuinama. Ukidondosha kitu, ulisimama hapo hapo, ukanyoosha mkono juu, ukamngoja mlinzi aje akuokotee. Ukichomwa na mwiba, ulichechemea nao mpaka kwenye pipa lililopakwa rangi nyeupe, mwisho wa eneo la mgodi, ndipo ukakaa ukauchomoa. Siku moja upepo ulimvua mama yangu kanga begani. Alisimama juani mkono juu, na mlinzi aliyekuja kumwokotea alikuwa Baba. Aliikung'uta ile kanga mara mbili, akaikagua pindo zote, kisha akampa. Nyumbani hawakulizungumza jambo hilo.

Adhabu tuliijua. Akiinama mmoja, wanaondoka wote wa nyumba ile. Jirani zetu waliondolewa kwa sababu mtoto wao alifuata pia yake ya kuchezea iliyobiringika barabarani. Nilimwona mama yao juu ya lori, amekumbatia kuku wawili, kitanda chao kimelazwa miguu juu. Yule mtoto tulikuwa tunacheza naye. Alinipungia mkono, na mimi nikaogopa kumpungia.

Hayo yote tuliyachukulia kuwa ndiyo maisha. Watoto wa wakulima tuliosoma nao walitucheka, wakasema watoto wa kambini wanatembea kama waliomeza mwichi.

Mwalimu Sospeteri alitufikia baada ya mvua za kwanza. Tulimwona kwa mara ya kwanza pale pale barabarani. Alikuwa anakuja na sanduku la bati kichwani na viatu vya kamba miguuni. Kamba ya kiatu ikafunguka, naye akatua sanduku, akapiga goti, akaanza kuifunga.

Tulisimama wote. Nilisikia filimbi ya Baba, kisha nikamwona akija mbio na mwenzake wa zamu, Salumu, mtu wa Kigoma. Walimvua viatu, wakamgeuza mifuko, wakampekua nywele, wakamwambia afungue kinywa. Mwalimu aliyafanya yote bila kubisha. Walipomaliza, Baba akamweleza sheria ya mahali pale.

"Samahani, mzee, sikujua," akasema Mwalimu. Kisha akatutazama sisi tuliokuwa tumejipanga kando. "Na hawa watoto, wakidondosha kitu?"

"Hawadondoshi," akasema Baba.

Kesho yake darasani alituagiza kila mmoja alete vijiwe kumi vya kuhesabia. Katika kila shule ya nchi hii watoto walihesabu kwa vijiwe, na yeye hakuagiza jambo la ajabu. Asubuhi iliyofuata akapita dawatini akakuta mtama, kunde, mbegu za maboga, na mmoja alileta vifungo vya shati la baba yake. Wala hatukuwa tumepatana. Hakuna mtoto wa kambini ambaye angetia jiwe mfukoni, hata kama angeambiwa na mwalimu, hata kama jiwe lenyewe liko mlangoni kwao.

"Nilisema vijiwe," akasema.

Alitembea mpaka dirishani, akatazama ule ua wa seng'enge kwa muda, akarudi. Hakumchapa mtu. Siku ile tulihesabu kwa kunde.

Ijumaa alitupanga mstari, akatupeleka upande wa pili, mbali na mgodi, kwenye kilima cha mawe makubwa ambako wakulima walichungia mbuzi. Tulipofika akasema, "Haya, inameni."

Hakuna aliyeinama. Watoto wa wakulima wenyewe walitutazama sisi wa kambini, nao wakasita. Mwalimu akapiga magoti kwenye vumbi na kaptula yake nyeupe, akashika ardhi kwa mikono miwili, akaanza kutambaa akisema peke yake: "Hili jeupe. Hili lina vimeta, likikunwa linatoka magamba. Hili zito, lina chuma." Mtu mzima, mwalimu, anatambaa. Niligeuka nyuma kutazama kama Baba anakuja. Hakukuwa na mtu. Nikapiga goti. Udongo ulikuwa wa moto, ukanukia mavi ya mbuzi na majani makavu, na karibu na goti langu kulikuwa na jiwe dogo la rangi ya maini. Niliona kwamba nimeishi miaka yangu yote bila kuitazama nchi ninayoikanyaga.

Tuliorudi kutoka kilimani hatukuwa wale waliokwenda. Sisemi kwa kumpamba marehemu. Mimi nimefundisha watoto miaka mingi baadaye, na sijawahi kuona darasa likiamka vile. Alituuliza kwa nini mto unafanya mawe kuwa laini, na alipoona hatujui alikataa kutuambia, akatuacha tubishane wiki nzima. Alitwambia jiwe lina umri mkubwa kuliko chifu yeyote na kuliko serikali yoyote. Tulimpachika jina la Mwalimu Mawe, naye akajua, akacheka.

Alikuwa na kopo kubwa la biskuti. Humo aliweka jiwe moja la kila aina, na kila jiwe alilifunga kwa karatasi yenye jina la mtoto aliyelileta. Ukileta aina ambayo haimo, jina lako linaingia. Lakini alituwekea sharti mbele ya darasa zima, na akalirudia kila Jumatatu: "La kilimani, lete. La shambani kwenu, lete. La barabarani, hata likikuita kwa jina, liache."

Majina yakajaa koponi. Langu halikuwamo. Kila nilicholeta kilikuwa kimeshaletwa, na yeye aliniambia kwa upole, "Tafuta tena, Minza," mpaka ule upole ukaanza kuniuma. Nilikuwa mtoto wa kutaka. Niliamini kwamba jina langu lisipoingia kwenye lile kopo, Mwalimu atanisahau.

Ndipo Jumatatu moja nikaliona barabarani. Lilikuwa dogo kuliko ukucha, limekaa kwenye alama ya tairi, na jua lilipolipiga lilitoa mwanga wa kuumiza macho. Nilijua ni nini. Sikuwahi kuiona almasi, lakini kila mtu kambini alijua kwamba ukiiona utajua. Wenzangu walikuwa mbele. Lori likapita, likatimua vumbi, na ndani ya vumbi nikajiangusha kwa makusudi kama niliyejikwaa. Nilipoinuka lilikuwa limo mdomoni mwangu.

Sikuwaza kuiba. Mniamini. Niliwaza karatasi yenye jina langu.

Kutoka pale mpaka kwenye pipa jeupe nilitembea na ladha ya vumbi na mafuta ya lori, nikiogopa kumeza mate. Darasani wenzangu wote walisimama, wakasema shikamoo mwalimu. Mimi nilisimama nimefumba mdomo. Akaita majina, wengine walijibu nipo, mimi nikaitikia kwa kichwa. Alinitazama kidogo, akaweka alama, akaendelea. Wakati wa mapumziko nilibaki nyuma, nikafungua kopo, nikalitema lile jiwe, nikalitia katikati ya mengine. Jina sikuandika. Nilijiambia nitaandika kesho.

Jumanne jioni Baba alikuwa uani anang'arisha buti. Aliniita nikae karibu yake, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mayu," akasema, "huyu mwalimu wenu anawafundisha nini siku hizi?"

"Mawe."

"Mawe gani?"

Nikafurahi. Nilidhani hatimaye anataka kujua mambo ya shule yangu. Nikamweleza kilima, jinsi Mwalimu anavyotambaa, jiwe lenye vimeta, jiwe la chuma. Nikamweleza kopo, na mahali linapokaa, rafu ya chini nyuma ya ubao. Baba alisikiliza yote. Alipaka rangi buti moja mara tatu. Mama alikuwa jikoni, alisimama mlangoni, akasema, "Baba Minza, mwache mtoto," naye akajibu, "Tunaongea tu." Nikajisikia vibaya kwa ajili ya Mama, kwamba haelewi raha tuliyokuwa nayo.

Asubuhi ya Jumatano, kabla hatujamaliza hesabu ya kwanza, gari dogo lilisimama nje. Aliingia bwana wa ulinzi, Mzungu mnene mwenye uso mwekundu, na nyuma yake Salumu na Baba. Baba hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya ubao, kwenye rafu ya chini, akatoka na kopo.

Waliyamwaga mawe juu ya meza ya Mwalimu. Mwalimu aliambiwa asimame na mikono imenyooshwa pembeni, na Salumu akampekua tena kama siku ile ya kwanza. Bwana akavaa kioo cha kukuzia jichoni. Akawa anachukua jiwe moja moja, anasoma jina lililoandikwa kwenye karatasi, anatazama, anaweka kando. Shija. Kulwa. Mateso. Kila jina likisomwa, mwenye jina alikauka. Mimi nilihesabu yaliyobaki. Nilihisi haja ndogo ikinijia, nikabana miguu.

Akalifikia. Halikuwa na karatasi.

Alilishika kwenye vidole muda mrefu, akalipeleka dirishani, akaligeuza. Ninyi mnaonisoma, sijui kama mmewahi kuomba kitu kibaya. Mimi niliomba yule mtu afe pale pale.

"Hii kioo," akasema mwishoni. Akavua kile cha jichoni. "Hii si almasi. Kioo ya taa ya lori. Lori yetu, nafahamu. Lakini kioo ya lori iko wapi? Iko barabarani tu." Akaliweka mezani taratibu. "Nani inama barabarani?"

Kipande cha taa. Nilikuwa nimebeba mdomoni kipande cha taa. Kwa pumzi moja nilipata nafuu, na kwa pumzi iliyofuata nikaelewa kwamba haijabadilisha kitu. Sheria haikusema usiokote almasi. Ilisema usiiname. Nikaliona lori, nikamwona Mama juu yake, nikamwona mdogo wangu. Nikamwona pia Mwalimu, mikono yake bado imenyooshwa. Magoti yangu yakaanza kuninyanyua yenyewe. Nilikuwa nusu nimesimama, nusu nimekaa.

"Minza, kaa chini," Mwalimu akasema. "Hujaulizwa wewe."

Hakuwahi kunikaripia kabla ya hapo. Nikakaa.

Kisha akamgeukia bwana. "Ni changu. Nilikiokota mimi."

Bwana alimtazama Baba, kama anayeuliza kama jambo hilo lawezekana. Baba alikuwa amesimama wima kabisa, mikono kwenye mishono ya kaptula. Akasema, "Ndiyo, bwana."

Mwalimu hakufungwa, kwa kuwa kioo si almasi. Aliambiwa kwamba mtu anayefundisha watoto kuokota mawe hawezi kukaa jirani na mgodi, na kwamba asionekane hapo ikifika saa sita. Aliuliza kama anaweza kumaliza somo. Akaambiwa hapana. Akafuta ubao, akakung'uta mikono, akatwambia tuendelee kubishana kuhusu mto. Alipopita dawati langu hakusimama. Tulimwona kupitia dirishani akitembea kwenye ile barabara na sanduku lake la bati, shingo imenyooka.

Bwana akaamuru mawe yatupwe. Baba akalibeba kopo mpaka uwanjani, mbali na barabara, akalipindua. Upepo ukachukua karatasi zenye majina, zikazunguka uwanja. Pale uwanjani kuinama hakukukatazwa, na kila mtoto aliliona jiwe lake lilipo. Tulisimama pale mpaka gari likaondoka, na baada ya hapo tukasimama bado. Hakuna aliyeliokota.

Shule ilifungwa mpaka apatikane mwalimu mwingine. Jioni, jua likizama, Mama alitenga ugali wa mtama na majani ya kunde, akaondoka na mdogo wangu kwenda kumwogesha. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimelia mchana kutwa, na nilikuwa nimeamua. Niliwaza kwamba Baba ni mtu wa haki. Aliyeikung'uta kanga ya mke wake mwenyewe hawezi kuacha mtu mwingine afukuzwe kwa kosa lisilo lake. Nikimwambia, atakwenda kwa bwana, atasema, na Mwalimu atarudi hata kama sisi tutapanda lori.

"Baba," nikasema. "Kile kioo si cha Mwalimu. Nilikiokota mimi."

Alikuwa anamega tonge. Akalikandakanda mkononi, lakini hakulipeleka mdomoni.

"Najua," akasema. "Nilikuona."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Jumatatu. Nilikuwa langoni. Salumu naye aliona, ila kwa mbali, aliona gauni tu la shule. Akaniuliza, ni mtoto gani yule? Angekwenda kuwaambia wakubwa. Ilibidi niwe na jibu kabla yake." Akatazama bakuli la mboga. "Nikasema simjui mtoto, lakini kuna mwalimu anayewatuma. Nikasema nitapeleleza mawe yanakaa wapi."

Nje Mama alikuwa anamwimbia mdogo wangu, na maji yalikuwa yakimwagika kwenye karai. Nilitaka kumchukia Baba na nikaona siwezi kuanza. Nilitaka kumshukuru, na hilo nalo likakwama. Nilikumbuka buti ikipakwa rangi mara tatu, na sauti yangu mwenyewe ikieleza, kwa furaha, rafu ya chini, nyuma ya ubao.

"Mwalimu naye alijua," Baba akasema. "Aliponitazama niliona anajua." Akalisogeza bakuli upande wangu. "Nawa mikono, mayu. Ugali unapoa."

Nikanawa. Nilikuwa na njaa ya kutwa nzima. Nikakaa karibu na baba yangu, nikala mpaka nikashiba.